Siku Nne za Kuwasemea Vyura

Kila Jumamosi saa nane mchana mimi hufagia ukumbi mdogo wa usharika wetu, hufunga mapazia, hutundika shuka jeupe ukutani kwa misumari miwili, kisha huwasha projekta na kuitazama peke yangu ile picha nitakayowaonyesha watoto wa shule ya Jumapili kesho yake. Huitazama mapema ili nijue pa kuisimamisha na swali la kuwauliza. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa zamu ya picha ya familia moja iliyohama mjini na kwenda kuishi katika bonde ambako watu na wanyama husikilizana. Nilikuwa nimekwisha kuiona mara tatu. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika mafunzo matatu ya Kikristo juu ya kutunza mazingira: tusitupe taka ovyo, tupande miti, tusiwatese wanyama. Nilikuwa natafuta la nne, kwa kuwa matatu yale hata mtoto wa darasa la kwanza angeyasema bila kutazama picha.

Ndipo yule mama wa kwenye picha, aliyekuwa akianika maharage, akasimama, akafuta mikono kwenye kanga yake, akanitazama. Hakutazama upande niliokuwapo tu. Alinitazama mimi.

"Binti, wewe ndiye mgeni?" akauliza. "Basi inuka. Baraza limeanza, na kiti cha vyura hakina mtu."

Namna nilivyofika upande wa pili sitaieleza, kwa sababu siijui. Nitaeleza niliyoyakuta; huko ilikuwa bado asubuhi.

Nchi ile inaitwa Ulezi. Ni bonde refu la kijani, lenye vijiji viwili, cha Juu na cha Bondeni, na watu wake hujiita walezi. Ukiwauliza wanalea nini, hukuonyesha kwa mkono mahali popote, kana kwamba umeuliza hewa iko wapi. Yule mama jina lake ni Bi Makini. Kwenye picha miguu yake ilikuwa laini kama ya mwanasesere. Hapa visigino vyake vilikuwa na nyufa zilizojaa udongo, nami nilimpenda zaidi kwa ajili ya nyufa hizo.

Mlangoni mwa baraza nilisimamishwa na mtu mwembamba aliyebeba kitabu cha sheria kwapani, Karani Taratibu. Aliangalia chupa tupu ya plastiki niliyokuwa nimeishika.

"Hiyo ni yako?"

"Ndiyo, kaka. Maji yamekwisha. Naomba unielekeze jalala lilipo."

"Jalala ni nini?"

"Ni mahali pa kutupia vitu."

"Na mahali hapo huwa ni pa nani?"

Nimesoma chuo miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Karani alinieleza kwa upole kwamba katika Ulezi kitu hukaa na aliyekileta mpaka akitafutie kazi nyingine. Basi niliingia barazani na chupa yangu, nikatembea nayo siku hiyo nzima na siku iliyofuata, hata watoto wakaanza kuniita Mama Chupa. Mwishowe jirani yake Bi Makini aliikata shingo, akaijaza udongo na kuoteshea nyanya, akanishukuru kama niliyemletea zawadi kutoka mbali. Mbele ya kila nyumba niliona rafu ya mbao yenye vitu vinavyosubiri kazi: kigae cha chungu, kandambili moja, mpini uliovunjika. Wageni husoma rafu ya mtu kabla ya kubisha hodi, na mwenye rafu iliyojaa huwa na aibu. Nilifikiria rafu ya nyumba yetu ingekuwaje, nikaona ingefika hadi barabarani.

Baraza lenyewe hukaa kwa duara. Mbele kuna kiti kimoja cha mti mzito ambacho hakikaliwi na mtu. Ni kiti cha Mwenyewe. Walezi husema dunia ina Mwenyewe, na wao wamewekwa tu waitunze mpaka aulize, kwa hiyo hakuna mkutano unaofanyika bila kiti chake kuwapo, na kila anayezungumza hukielekea kile badala ya kuwaelekea wenzake. Nilidhani lingekuwa jambo la kuchekesha. Halikuwa hivyo. Nimewahi kukaa katika vikao vya kanisa vilivyofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati nikaona watu wakikaripiana kana kwamba Mungu ametoka nje kidogo. Pale, mtu akianza kupandisha sauti, macho yake hukutana na kiti, sauti ikashuka yenyewe.

Sheria zao nyingine nitazitaja chache. Anayetaka kukata mti hukaa chini yake tangu asubuhi mpaka kivuli kimehamia upande wa pili, kisha huja barazani kueleza ni nani wengine aliowaona wakiutumia. Wengi hurudi wakisema wamebadili nia. Msidhani hawakati miti. Nililala kwenye kitanda cha mbao nzuri, na aliyekichonga alinitajia ndege wawili waliokuwa wakitua kwenye mti ule na mahali alipowapandia mwingine. Mashamba hupumzika mwaka wa saba, na mto hupumzika siku ya saba: hakuna anayefua wala kuchota siku hiyo, na watoto hupita kando yake wakinyata na kunong'ona, "Mto umelala."

Lakini sheria kuu ya Ulezi ni hii: barazani hakuna anayejisemea. Kila mtu mzima hupewa kiumbe au kitu kimoja ambacho hakina kinywa, naye huwa msemaji wake. Bi Makini ni msemaji wa nyungunyungu. Kuna msemaji wa nyuki, wa mchanga, wa mvua ya kwanza. Mtu akisema "mimi nataka" katika duara lile, adhabu yake ni kumwagilia vitalu vya miche wiki tatu. Waliniambia sheria hiyo ilitungwa na wazee wao baada ya ugomvi mmoja mkubwa wa malisho, ili uchoyo usipate pa kukaa.

Niliiona ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na bado naiona hivyo. Ila asubuhi ile ile ya kwanza niligundua imepata kutu. Alisimama mtu mnene mwenye uso wa kicheko, Bwana Furahi, msemaji wa mbuzi.

"Mbele ya Mwenyewe," alisema kwa heshima kubwa, "mbuzi wanaomba kikao kiishe kabla ya chakula cha mchana."

Msemaji wa nyuki akafuata: nyuki hawafurahii jogoo wa jirani anayewika alfajiri. Msemaji wa mvua akasema mvua ingependa barabara inayopita mbele ya nyumba yake, yaani nyumba ya msemaji, isawazishwe. Watu walitabasamu, Karani akaandika yote.

"Mama," nilimnong'oneza Bi Makini, "mvua ilisema hivyo kweli?"

"Usinichekeshe barazani," alinijibu, akiuma ncha ya kanga. Tulipotoka nje ndipo akaniambia: "Sheria ilitungwa kuufukuza ubinafsi, mwanangu. Ubinafsi haukuondoka. Ulijifunza kuvaa manyoya."

Na sasa nieleze kwa nini nilihitajika.

Walezi wana Nyumba ya Shukrani, kibanda cha udongo na matete kilichoko ukingoni mwa tindiga, yaani eneo la majimaji lililo kati ya vijiji viwili. Humo huimba kila jioni kabla jua halijazama, na humo huleta malimbuko. Kibanda ni kidogo, nusu ya watu huimba wakiwa nje. Kiongozi wa nyimbo kwa miaka arobaini ni Mzee Sifa, ambaye pia ni msemaji wa ndege. Yeye alikuwa amesimama barazani na kusema kwamba ndege wanaomba ijengwe Nyumba ya Shukrani mpya, kubwa, ya mawe, yenye paa refu ambalo juu yake wangeweza kutua. Mahali pekee palipo tambarare ni pale penye tindiga. Lingejazwa mawe.

Wasemaji wote waliafiki, mmoja baada ya mwingine. Nyuki waliafiki, mbuzi waliafiki, mchanga uliafiki kwa furaha. Kosa lao lilikuwa kosa la watu wema: waliomba ruhusa kwa kila jambo isipokuwa kwa kile walichotaka kumpa Mwenyewe. Waliona kitu kikiwa ni sadaka kwake, hakina haja ya kuombewa ruhusa tena.

Kilichowazuia ni Karani Taratibu na kitabu chake. Msemaji wa vyura, bibi mmoja aliyeitwa Tulia, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na sheria inasema jambo haliamuliwi mpaka kila kiumbe kitakachoguswa kipate kinywa. Kiti kikiwa wazi hupewa mgeni, kwa sababu mgeni hana shamba wala shemeji katika shauri hilo. Mgeni hukaa siku tatu na kiumbe chake. Siku ya nne husema. Akinyamaza, kunyamaza huhesabiwa kuwa kukubali.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Katika kamati ya vijana ya usharika wetu mimi ndiye katibu, na mwaka juzi kamati ilipoamua kufukia chemchemi ndogo iliyo nyuma ya kanisa ili pawe na maegesho ya magari, nilikuwa na neno. Lilikuwa limefika hapa kooni. Badala ya kulisema, niliandika muhtasari wa kikao kile kwa mwandiko mzuri sana, na mwenyekiti akanisifu.

"Mama, mimi siwezi kuzungumza mbele za watu," nilimwambia Bi Makini. "Tafuteni mwingine."

"Hatukukuita uzungumze. Tumekuita ukae," alisema. "Kuzungumza ni siku ya nne. Leo ni ya kwanza. Chukua kigoda."

Nilikaa. Siku ya kwanza sikuona chochote isipokuwa matete, maji yenye rangi ya chai na mbu walionipenda. Nilipofika, vyura walikuwa wakiimba. Nilipokanyaga ukingo, wote walinyamaza kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia. Baada ya muda mrefu wa kukaa bila kujitikisa, mmoja alithubutu. Kisha wa pili. Alasiri ilipofika walikuwa wamenisahau, na kusahauliwa namna ile kulinifurahisha ajabu. Niliwaza kwamba mtu wa kwanza katika Maandiko alipewa kazi ya bustani kabla hajapewa mke, na huenda alifundishwa kwanza hivi: akae mpaka bustani imzoee.

Siku ya pili Bi Makini alinifuata akiwa na jembe dogo. Alinipeleka upande wa chini wa tindiga, akafukua kidogo, akaniambia nitie mkono. Udongo ulikuwa wa baridi, na maji yalikuwa yakipita kati ya vidole vyangu polepole.

"Yanakwenda wapi?"

"Visima vya Bondeni. Masika tindiga hunywa. Kiangazi hutoa, kidogo kidogo, kama mama mwenye watoto wengi. Nyungunyungu wanaijua njia hiyo vizuri."

"Kwa nini usiseme hivyo barazani?"

Aliutazama mkono wake. "Nilisema nyungunyungu wameafiki," alijibu. "Mjukuu wangu anaimba kwaya. Mwaka jana alinyeshewa kwenye malimbuko, akaugua wiki mbili. Nilitaka awe ndani." Akafukia lile shimo kwa uangalifu, akalishindilia kwa kiganja. "Unaona? Hata mimi nina manyoya."

Siku ya tatu alasiri nilimkuta Mzee Sifa mwenyewe. Alikuwa akipigilia vigingi ukingoni na kufunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kidogo, ili nipate nguvu, lakini haikuwezekana. Alikuwa mzee mrefu mwenye macho mapole, na kamba yake aliipitisha juu ya kiota kimoja ili asikiguse.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, msemaji. Umekaa kwenye kigoda kibovu. Chukua changu."

"Nashukuru, hiki kinatosha."

"Chukua, mwanangu. Mgongo ni mmoja." Alinipa chake, akakaa chini kwenye nyasi. "Wanasemaje vyura?"

"Sijui bado, baba."

Alicheka. "Siku tatu hujui? Marehemu Tulia alikuwa anajua kabla hajakaa! Kila mwaka vyura wake walikuwa wanataka sukari zaidi kwenye chai ya baraza."

Tulicheka wote wawili. Kisha akanionyesha mlango utakapokuwa, na dirisha la mashariki, na mahali pa wanakwaya. Alisema ukuta wa jiwe hurudisha sauti, kwamba katika nyumba ya mawe hata mtu mmoja akiimba ni kama kumi. Kibanda cha udongo huimeza.

"Na ndege ndio walioomba?" nilimuuliza. Niliuliza kwa sauti ndogo, nikiangalia maji.

Alivuta kamba ikakaza. "Ndege hupenda paa refu," alisema, akaondoka kwenda kwenye mazoezi.

Kibandani kwaya ilianza. Sauti za walezi ni nzuri mno, sitazisahau. Walipoanza, vyura walinyamaza. Waliimba beti tatu, wakapumzika, na pale walipopumzika vyura walianza, kutoka kila upande wa tindiga, wakubwa kwa wadogo. Kwaya ilipoanza tena, wakanyamaza. Ikawa hivyo mpaka jua lilipogusa mlima: hawa wakiimba wale wanangoja. Sijui ni mimi peke yangu niliyekuwa nikisikia. Waimbaji walikuwa ndani, wakisikilizana wao kwa wao.

Siku ya nne duara lilijaa, watu wa Juu na wa Bondeni. Mpangusa Kiti alipangusa kiti cha Mwenyewe kwa kitambaa safi. Hiyo ni kazi yenye heshima kubwa kule. Watu saba waliiomba mwaka ule, nadhani kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji hotuba. Karani Taratibu akasoma shauri, akafunga kitabu.

"Vyura," akaita.

Nilisimama. Nilikiangalia kiti, kama nilivyofundishwa, nikangoja maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Hayakuja. Nilikuwa nimepanga kusema vyura wanalia, vyura wanaomba, vyura wanawasihi. Nikaona kwamba hakuna hata moja nililolisikia.

"Mbele ya Mwenyewe," nilisema. "Mimi ni Tusekile. Nimekaa na vyura siku tatu. Hawakuniambia kitu."

Bwana Furahi akapiga paja lake. "Jamani! Msemaji wa vyura anasema vyura hawasemi! Basi na aketi, mbuzi wana njaa!"

Watu walicheka. Nilitaka kuketi. Naungama kwamba nilikwisha kushika kigoda.

"Sheria haimkatazi," Karani alisema. "Hajamaliza."

"Nitasema nilichoona tu," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kuacha kucheka ili wanisikie. "Niliona povu jeupe kwenye jani, juu ya maji, na mayai ndani yake. Niliona viluwiluwi wenye miguu miwili na wengine wenye minne. Nilitia mkono udongoni upande wa chini, nikayagusa maji yanayokwenda Bondeni. Na jana mlipokuwa mkiimba, vyura walinyamaza. Mliponyamaza, waliimba. Walifanya hivyo jioni nzima, hawakukosea hata mara moja. Sikusikia wakiomba chochote. Nafikiri wao Nyumba ya Shukrani wanayo tayari, nasi tunataka kuijaza mawe ili tujenge ya kwetu." Nikaona niseme na lile la mwisho, ingawa halikuwa la vyura. "Kwetu tulikuwa na chemchemi. Nilikuwepo ilipofukiwa. Sikusema neno."

Niliketi. Hakuna aliyenipigia makofi, na kule si desturi. Bi Makini alinishika mkono chini ya kanga yake, akaubana, kisha akauachilia na kusimama.

"Nyungunyungu hawakuafiki," alisema akikielekea kiti. "Sikuwauliza."

"Mama, uliandikwa umeafiki," Karani alisema.

"Nifute."

Bwana Furahi alikuwa haangalii mtu. Alikuna kidevu. "Basi na mbuzi wangu wafute," alisema. "Mbuzi hawajui hata kama kuna nyumba inajengwa." Mtu mmoja akacheka, lakini peke yake, akanyamaza.

Karani Taratibu alifungua kitabu chake karibu na mwisho, kurasa ambazo zilionekana hazijaguswa na mikono mingi. Alisoma kwamba msemaji anayeleta ombi anaweza kuulizwa swali moja, na swali hilo ni hili: mara ya mwisho ulikaa lini nao? Alisema katika miaka kumi na minane ya ukarani wake hakuwahi kulisoma kwa sauti. Kisha akamgeukia Mzee Sifa, na niliona kwamba alikuwa na huzuni kufanya hivyo, kwa sababu alimpenda, kama wote walivyompenda.

"Baba, mara ya mwisho ulikaa lini na ndege?"

Mzee Sifa alisimama taratibu. Alikuwa bado na kipande cha kamba mkononi, akakizungusha kwenye kidole. Duara zima lilikuwa likimngoja afunike jambo kwa wimbo, kama alivyozoea kufanya mabishano yanapokuwa makali. Nasikia kwa miaka arobaini ndivyo alivyokuwa akiwapatanisha. Alifungua kinywa. Wanakwaya waliokuwa nyuma yake walivuta pumzi tayari kumwitikia.

Hakuimba.

"Ndege hawakusema," alisema. "Sijakaa nao tangu kiangazi cha mwaka juzi. Ni mimi ninayetaka."

Karani aliinua mkono. "Mzee, hapo unajisemea. Sheria..."

"Nitamwagilia miche, Taratibu. Wiki tatu, wiki sita, utakavyoniandikia. Niache nimalize."

Karani alishusha mkono. Mzee Sifa hakututazama sisi. Alipiga hatua moja, akasogea karibu na kile kiti kuliko nilivyowahi kumwona mtu akikisogelea, akazungumza nacho kama mtu anavyozungumza na baba yake mezani.

"Sauti yangu imekwisha, Bwana," alisema. "Imeanza kuvunjika tangu masika. Mle kibandani kwenye udongo kila mtu atasikia ilivyovunjika, ndiyo maana nilitaka mawe, ijifiche kwenye mwangwi. Nimekuimbia tangu nina meno ya utoto, sijui kukufanyia kitu kingine. Nilikuwa tayari kuwafukia vyura wale wote chini ili nisinyamaze. Ninaogopa, Bwana. Ninaogopa kwamba siku nitakayonyamaza hutanijua mimi ni nani."